Kifyonza vumbi kipi kwa nyumba ipi: pipa, mfuko, kikombe, fimbo au roboti

Boksi nyingi za vifyonza vumbi zinazopangwa katika maduka ya Kariakoo huandikwa namba moja kubwa kuliko jina la mtengenezaji: 1600W, 2000W, 2200W. Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu bila maarifa mengine huamini kwamba namba kubwa ndiyo mashine kali, na muuzaji naye hana sababu ya kumsahihisha. Lakini wati hueleza umeme unaoingia kwenye mota, si vumbi linalotoka kwenye zulia. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingizwa sokoni kwa vifyonza vya nyumbani vyenye wati 1600 au zaidi kuanzia Septemba 2014, kisha ukashusha kikomo hicho hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017, pamoja na kutaka kelele isizidi desibeli 80, na sijasikia kwamba mazulia ya Ujerumani yamekuwa machafu zaidi kwa sababu hiyo. Watengenezaji waliboresha mota, njia ya hewa na kichwa cha kufyonzea, kazi ikaendelea kwa umeme mdogo. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na wati. Unaanza na sakafu ya nyumba, aina ya vumbi linaloingia humo, na vitu ambavyo mashine itaendelea kudai baada ya kununuliwa.

Sakafu na aina ya vumbi

Nitangulize jambo ambalo dukani halisemwi: nyumba ya vigae vitupu, yenye makochi ya ngozi na zulia dogo la mlangoni, haihitaji kifyonza vumbi. Ufagio laini na dekio vitaimaliza kazi hiyo mapema zaidi na bila umeme, na zulia dogo litakung'utwa uani. Kifyonza huanza kurudisha gharama yake pale penye vitu visivyoweza kudekiwa wala kutolewa nje kila wiki, yaani zulia la ukuta hadi ukuta, makochi ya kitambaa, magodoro, mapazia mazito, viti vya gari, na zile nyavu za madirisha zinazonasa vumbi la barabarani.

Likishajulikana hilo, ulizwe swali la pili: ni vumbi gani? Wakazi wa mwambao, tangu Mombasa na Tanga hadi Unguja na Mtwara, husumbuliwa zaidi na mchanga. Mchanga ni mzito, ukiingia kwenye zulia nene huzama hadi kwenye mashina ya nyuzi, na kila mtu anapokanyaga, chembe zake huzisaga nyuzi hizo kutokea chini, ndiyo maana zulia la sebuleni huchakaa kwenye njia ya watu huku pembeni likiwa bado jipya. Kuutoa kunahitaji hewa nyingi inayopita kwa kasi, na ikiwezekana brashi inayozunguka ili iupige utoke. Dodoma na Singida hali ni nyingine, kwa sababu vumbi la kiangazi huko ni laini kama unga na huelea hewani kwa muda mrefu kabla ya kutua. Kulivuta si kazi ngumu. Kazi ni kulizuia lisitoke tena nyuma ya mashine. Mashine inayouweza vizuri mchanga wa Kigamboni yaweza kuwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa vumbi la Dodoma, na mtu anayenunua kwa kuiga ya ndugu yake aliye mkoa mwingine atajikuta analaumu mashine isiyo na kosa.

Pipa na mfuko

Kifyonza cha pipa, kile cha maji na vumbi, ndicho kinachouzwa sana kwetu, na kwa haki. Ni pipa la plastiki au la chuma kisichoshika kutu, mara nyingi la lita 15 hadi 30, lenye magurudumu chini na mota iliyokaa kwenye kifuniko. Bomba lake ni pana, kwa hiyo hewa nyingi hupita kwa wakati mmoja, na kokoto, maganda ya karanga na vipande vya mbao hupita bila kukwama. Maji nayo huvutwa. Chini ya mota kuna kizimba kidogo chenye boya. Maji yakipanda, boya huinuka na kuziba njia ya hewa, mlio wa mota hubadilika ghafla ukawa mwembamba na mkali, nawe unajua kwamba wakati wa kuzima na kumwaga umefika. Kwa anayeishi mahali ambapo masika humwingilia sebuleni, aina nyingine zote katika ulinganisho huu hazina la kumsaidia, kwa kuwa kifyonza cha vumbi tupu kikivuta maji mota huungua, na aliyeshika bomba yumo katika hatari ya kupigwa na umeme.

Udhaifu wa pipa umo kwenye uchujaji. Mashine nyingi za bei ya chini huuzwa na sponji inayovikwa juu ya kizimba cha boya, na sponji hiyo ni ya kuvutia maji tu. Fundi wa jipsamu alipomaliza dari ya nyumba yangu, niliuvuta unga wake kwa pipa lililovikwa sponji, kwa kuwa aliyeniuzia alinihakikishia kwamba hiyo inatosha kwa kazi zote. Mbele, sakafu ilisafika vizuri sana. Nyuma, kwenye tundu la kutolea hewa, ulitoka moshi mweupe ambao sikuuona hadi nilipogeuka, ukashuka taratibu juu ya meza, televisheni na vikombe vilivyofunikwa kwa ajili ya wageni. Nilibadilisha sponji kwa kichujio cha karatasi chenye mikunjo. Moshi ulikoma, lakini unga uliziba mikunjo ile ndani ya dakika chache na nguvu ya kuvuta ikaisha. Kazi iliwezekana tu nilipotia mfuko wa kitambaa ndani ya pipa ili upokee unga mwingi kabla haujafika kwenye karatasi. Anayenunua pipa kwa ajili ya vumbi laini ahesabu basi vitu vitatu katika bei: mashine, kichujio cha karatasi na mfuko.

Kifyonza cha kuburuta chenye mfuko kimejengwa kwa mantiki iliyo kinyume. Hakipendi kokoto wala maji, na ujazo wake ni mdogo, lakini mfuko wenyewe ndio kichujio cha kwanza, kisha hewa hupita kwenye kichujio cha kulinda mota, kisha kwenye kichujio cha mwisho kabla ya kurudi chumbani. Mifuko ya nyuzi za sintetiki zenye tabaka kadhaa hukamata vumbi laini kuliko ya karatasi na haichaniki upesi. Ukijaa, hufungwa mdomo ukatupwa, na vumbi halikurudii usoni.

Hapo ndipo ninapoegemea bila kusita iwapo nyumbani kuna mtu mwenye pumu au mafua ya mzio. Kinyesi cha utitiri wa vumbi, yaani wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mazulia, ni mojawapo ya vichochezi vinavyojulikana vya pumu, na wadudu hao hustawi kwenye joto lenye unyevunyevu, jambo ambalo pwani yetu haina upungufu nalo. Kuwavuta kwa mashine inayovuja nyuma ni kukipeleka kinyesi hicho kutoka godoroni hadi mapafuni. Kwa hiyo tazama alama ya HEPA, yaani kichujio cha kunasa chembe ndogo sana, pamoja na daraja lake: H13 hukamata angalau asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu zaidi kunaswa, na kipimo cha Marekani hudai asilimia 99.97 kwa chembe za mikromita 0.3. Boksi likisema tu kwamba kichujio ni "aina ya HEPA" bila daraja lolote, hilo ni pambo. Hata kichujio halisi hakina maana kama mwili wa mashine una nyufa, kwa kuwa hewa hupenda njia nyepesi na itapita pembeni yake.

Gharama ya aina hii ni mifuko. Kila modeli ina mfuko wa umbo lake, na mashine isiyo na mifuko katika mji wako itakuwa samani baada ya miezi minne. Nimeona watu wakiukung'uta mfuko wa karatasi na kuurudisha mara tano, sita. Vitundu vyake vimekwisha kuziba, mashine inavuta kwa shida, na siku unapochanika vumbi lote linaingia kwenye mota. Nunua pakiti mbili siku ile ile ya kununua mashine. Ukiambiwa mifuko italetwa mzigo ujao, nenda duka la pili.

Kikombe kisicho na mfuko

Wazo la kuachana na mfuko kabisa lilienea baada ya James Dyson wa Uingereza kuuza mashine yake ya DC01 mwaka 1993, akiwa ametengeneza sampuli 5,127 kabla ya kuridhika. Hewa huzungushwa kwa kasi ndani ya kikombe, uchafu hutupwa ukutani kama maji ya nguo zinazokamuliwa kwenye mashine ya kufulia, na hewa hutoka katikati. Leo kampuni nyingi hufuata mtindo huo kwa bei za kila namna.

Mvuto wake kwetu uko wazi: hakuna mifuko ya kutafuta. Dyson alikuwa na hoja nyingine, kwamba kifyonza cha mfuko hupungua nguvu kadiri mfuko unavyojaa, na kampuni yake ililalamika mahakamani kwamba lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya ilipatikana kwa kupima mashine zikiwa tupu. Mahakama ilikubaliana nayo na kuibatilisha lebo hiyo Novemba 2018. Kwa hiyo ukikuta mashine ya mtumba kutoka Ulaya ina karatasi ya rangi yenye herufi A hadi G, usiilipie zaidi kwa ajili ya herufi hiyo.

Hata hivyo, kikombe hudai kwa njia nyingine kile ambacho mfuko hudai kwa fedha. Kukimwaga kwenye pipa la taka huinua wingu usoni pa anayemwaga, kwa hiyo asiwe yule mwenye pumu. Vichujio vyake vinavyooshwa lazima vikauke kabisa, kwa kawaida saa 24, na wakati wa masika siku mbili hazitoshi. Vikirudishwa vibichi, mashine hutoa harufu ya tambara la jikoni na mota huvuta unyevu. Kwa nyumba ya mchanga na isiyo na mgonjwa ninakipendelea kuliko mfuko, ilimradi mnunue kichujio cha pili cha kupokezana.

Fimbo isiyo na waya

Fimbo ya betri ndiyo inayotamaniwa zaidi, na kwa nyumba ndogo ya ghorofani sababu zake ni za kweli. Ina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, hutundikwa ukutani, haina waya wa kuhamisha kutoka soketi hadi soketi, na mtu huichukua kwa dakika tano baada ya watoto kula. Pipa la kilo nane halichukuliwi kwa dakika tano. Anayelipa mara nyingi siye anayefanya usafi, kwa hiyo ni vema dada wa kazi aulizwe kabla ya fedha kutoka, maana mashine asiyoiweza kwenye ngazi itabaki stoo naye atarudia ufagio wake.

Tahadhari ya kwanza inahusu muda. Dakika 40 au 60 zinazotangazwa hupatikana kwenye nguvu ya chini kabisa. Ukiweka nguvu ya juu, ile inayohitajika kwenye zulia nene, betri nyingi huisha kabla ya dakika kumi au muda mfupi baada yake. Ya pili inahusu umri. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kadiri inavyochajiwa na kutumika, na joto huharakisha kuchoka huko, kwa hiyo isichajiwe kwenye chumba kinachooka chini ya bati wala kuachwa ndani ya gari. Chagua fimbo ambayo betri yake huchomoka kwa kitufe na huuzwa peke yake. Ile ambayo betri imefungiwa ndani, mwisho wa betri ndio mwisho wa mashine.

Ya tatu inahusu fundi. Mota ya kawaida ya pipa au ya mashine ya kuburuta ikianza kutoa cheche na kupoteza nguvu, mara nyingi ni kaboni zimekwisha, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, na fundi wa mtaani atakubadilishia siku hiyo hiyo kwa fedha kidogo. Mota za fimbo nyingi nzuri hazina kaboni, hudumu, lakini huendeshwa na bodi ya elektroniki. Bodi hiyo ikifa, fundi huyo huyo atakurudishia mashine yako mikononi kwa upole. Na kwa bei ya fimbo moja yenye jina kubwa mtu huweza kununua mapipa mawili na chenji ikabaki.

Kuna jambo la nywele ambalo vitabu vya maelekezo haviligusi ipasavyo. Katika nyumba wanamosukia rasta, nyuzi zinazoanguka hujizungusha kwenye brashi hadi zikaikaba kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani, na kwa kuwa ni za plastiki, msuguano huzilainisha zikashikamana na ncha za brashi. Kila baada ya wiki moja au mbili brashi itolewe, nyuzi zikatwe kwa wembe kwa urefu wake na kuvutwa. Hili huzikumba fimbo na roboti zote, na mashine ambayo brashi yake haitoki bila bisibisi itakukera.

Roboti

Sitaikalia sana. Electrolux ilianza kuiuza roboti yake ya kwanza mwaka 2001, iRobot ikafuata na Roomba mwaka 2002, na zimeboreka mno tangu hapo, hasa zile zinazopima chumba kwa leza na kuchora ramani. Ni mashine ya kudumisha usafi ambao umekwisha kupatikana, wala haiondoi mchanga uliozama. Hufaa nyumba pana ya vigae isiyo na vizingiti vya milango, ambako hupita kila siku ikiokota vumbi la asubuhi. Matamvua ya zulia huinasa, waya za chaji huzimeza, na mkeka wa ukili huuchana kidogo kidogo kwa brashi yake. Kwa hakika mkeka usifyonzwe kwa brashi ya mashine yoyote, bali kwa mdomo mtupu. Anayeinunua aangalie pia kama programu yake inakubali mtandao wa nyumbani alio nao, kwa sababu nyingi hutaka Wi-Fi ya 2.4GHz.

Umeme na plagi

Mashine ya wati 1400 ikitumika nusu saa mara mbili kwa wiki hula uniti 1.4, yaani uniti sita hivi kwa mwezi, na hilo halipaswi kumtisha mtu mwenye friji na pasi. Wasiwasi uwe kwenye waya. Wati 1600 kwa volti 230 ni karibu ampea saba, na ekstensheni nyembamba iliyoachwa imeviringwa hupata moto kwenye roli lake. Ikunjuliwe yote kabla ya kuchomekwa. Wenye inveta ya sola ya wati 1000 wajue kwamba pipa la wati 1400 litaizima papo hapo, na kwao fimbo inayochajiwa mchana ina faida ambayo mwenye umeme wa gridi haioni.

Mizigo ya ndugu walio nje inahitaji swali moja tu. Kinachotoka Dubai au Muscat kina plagi ya pini tatu bapa kama zetu za Tanzania, Kenya na Uganda, na volti zinakaribiana, kwa hiyo huchomekwa kikatumika. Kinachotoka Ulaya bara hutaka adapta ya pini mbili za mviringo, na kikipelekwa Bujumbura au Kigali mara nyingi hakihitaji hata hiyo. Kinachotoka Marekani kimeandikwa 120V. Kikichomekwa kwenye soketi ya 230 hakifiki mwisho wa chumba, na transfoma ya kukiwezesha ni nzito na ghali kiasi kwamba ni heri mashine ibaki huko huko.

Kabla ya kulipa

Aina yoyote uliyoichagua, omba iwashwe dukani. Ziba mdomo wa bomba kwa kiganja: mlio lazima upande na kiganja kivutwe kwa nguvu, kama hakuna tofauti, hewa inaingia kwingine, pengine kwenye ufa wa bomba au mpira wa kifuniko uliokaa vibaya. Kisha fanya jaribio la leso. Inasimuliwa kwamba Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyetengeneza kifyonza chake kikubwa cha kuvutwa na farasi mwaka 1901, alilaza leso juu ya kiti cha mgahawani, akaweka mdomo na kuvuta hewa, akaona vumbi limeganda kwenye kitambaa. Wewe lipeleke jaribio hilo upande wa pili wa mashine: leso iwe nyeupe na yenye unyevu, ishikwe kwenye tundu la kutolea hewa huku mwenzako akivuta vumbi la chini ya rafu, ambalo dukani halikosekani. Leso ikitoka na duara la kijivu, rudisha mashine kwenye boksi lake.